Pete Mbili Chini ya Kichwa cha Injini

Naandika haya kwa mzazi yeyote mwenye mtoto anayefungua vitu. Sisemi anayevunja, hao tunawajua, na kila nyumba ina wake. Nasema yule anayefungua, akapanga, akatazama, akarudishia. Ukiwa naye wa namna hiyo, soma yaliyonikuta mimi, uyakwepe. Elimu yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo sitapamba. Nitaeleza yalivyokuwa tangu Alhamisi mpaka Jumamosi.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha mbele ndicho duka, ndicho sebule, na meza ya kukatia nguo ndiyo meza pekee tuliyo nayo. Nina mtoto mmoja, binti, wakati huo ana miaka kumi na tisa. Majirani walimpa jina la Taratibu, na hawakumpa kwa kumsifu. Ukimtuma chumvi, mboga inaiva bila chumvi. Ukimwambia afagie, anatoa viti nje kwanza, anavipanga mstari, ndipo anashika ufagio. Alipomaliza shule alipata kibarua kwenye kiwanda cha sabuni, kufunga sabuni kwenye karatasi, wakamrudisha siku ya nne. Msimamizi aliniambia, "Mama, binti yako ana adabu sana, lakini hapa hatunyooshi kona." Nilicheka mbele ya yule bwana. Nilipofika nyumbani nililia.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba karakana ya ndege ndogo inatafuta mwanafunzi mmoja wa kufundishwa kazi, nilimwona binti yangu akifua gauni lake zuri bila kuambiwa, nikajua hiki ndicho anachokitaka. Hizi ndege hazibebi mtu. Mabawa yake ni kama mikono ya mtu mzima aliyeinyoosha. Watu wanazirusha uwanjani siku za mapumziko, wenyewe wamesimama chini na kidude cha kuongozea mkononi. Lakini injini yake, ingawa ni ya ukubwa wa ngumi, ni injini kweli. Inakunywa mafuta, inatoa moshi, na lile panga la mbele likizunguka linakata kidole kama karoti. Hilo la kidole niliambiwa mapema, na tangu hapo roho yangu haikukaa. Nilimwambia binti yangu, "Nilikuzaa na vidole kumi, na kumi hivyo hivyo ndivyo nataka vinizike."

"Vitakuzika, Mama," akasema. "Lakini si wiki hii."

Mwenye karakana watu wanamwita Fundi Kimya, maana maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Kati ya walioomba alibakiza watatu, vijana wawili na binti yangu. Kila mmoja akampa injini moja iliyokaa rafuni miaka mingi, mafuta yameganda ndani mpaka haizunguki. Akawaambia, "Fungua. Safisha. Rudishia. Jumamosi saa nne asubuhi iwake hapa." Basi. Watu watatu, nafasi moja.

Alhamisi asubuhi Taratibu aliniomba kitambaa cheupe. Nikampa kipande cha shuka. Akakitandika upande mmoja wa meza, akakibana pembe zote nne kwa pini zangu.

"Cheupe cha nini, na mafuta yote hayo?"

"Kitu kidogo kikianguka nikione."

Kisha akaomba pasi.

"Pasi tena? Unataka kuinyoosha injini?"

"Ndiyo, Mama."

Nilidhani ananitania. Kumbe mafuta ya injini hizi ni spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na mafuta ya nyonyo yakikaa yanageuka gundi ya kahawia. Ukilazimisha, unavunja. Ukiipasha moto, gundi inalegea yenyewe. Aliigeuza pasi tumbo juu, akaiegesha katikati ya matofali mawili, akaiweka injini juu yake na kukaa akiitazama kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Kila baada ya muda anaishika kwa tambara, anajaribu kuuzungusha mhimili wa mbele kwa vidole. Mara ya tano ukasogea. Kidogo tu, upana wa ukucha. Akaniangalia akatabasamu, na mimi niliyekuwa natia uzi nikalikosa tundu la sindano.

Kichwa cha injini kina mapezi mapezi kama samaki, na kimeshikwa na skrubu sita. Mimi ningefungua moja ikaisha nikahamia nyingine. Yeye alilegeza moja robo mzunguko, akaenda ya upande wa pili akailegeza robo, akarudi huku, akaenda kule.

"Hizo skrubu unaziomba ruhusa?" nikamuuliza.

"Nikilegeza upande mmoja tu, kichwa kinapinda. Kikipinda, hakirudi."

Alikuwa amechora injini kwenye mfuniko wa boksi la viatu na kutoboa matundu. Kila skrubu iliyotoka aliichomeka kwenye tundu lake, kila moja ina kitanda chake. Chini ya kichwa kulikuwa na pete za shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu. Mimi niliona moja. Yeye akapitisha ukucha pembeni, zikaachana zikawa mbili. Akaandika kwenye daftari PETE MBILI, akapiga mstari chini.

"Kazi yake nini, na wembamba huo?"

"Zinakiinua kichwa kidogo, Mama, ili pale moto unapowakia pasiwe pafinyu."

Pistoni aliisukuma itoke kwa kijiti cha kiberiti, hakutumia bisibisi, asije akaikwaruza. Mkono unaoishika pistoni una kitundu cha mafuta upande mmoja tu, akachora unatazama wapi. Beringi akazipasha tena kwa pasi zikadondoka zenyewe, tak, tak. Kila kipande akakisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani. Mimi nilikuwa nimeihamishia pasi chumba cha ndani na kumwekea ndoo ya mchanga mlangoni, maana spiriti na moto ni maadui. Aliicheka ile ndoo lakini hakuiondoa. Jioni ilipofika, juu ya kile kitambaa cheupe vilikuwa vimelala vitu ishirini na sita, vinang'aa, kimoja baada ya kingine kama vilivyotoka.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo lilipo shimo. Mtoto niliyechekwa kwa ajili yake miaka yote, mtoto aliyefukuzwa kiwandani, leo ameifungua injini kwenye meza yangu na hajapoteza hata skrubu. Kifua kilinijaa mpaka vifungo vya blauzi vikawa vinanibana.

Ijumaa asubuhi alikwenda kununua mafuta safi ya beringi. Mlangoni akageuka. "Mama, meza usiiguse. Hata vumbi, liache."

"Mimi ni mtoto?" nikamjibu.

Hata hajapinda kona, akaingia mwalimu mstaafu kuchukua sketi yake. Nyuma yake Mama Pacha, jirani yetu, na kitambaa cha kushonea watoto. Kisha muuza maziwa na galoni lake. Watu watatu kwa mpigo, na wote wanashangaa meza. Ningefanyaje? Najua sasa ningefanyaje. Ningetupia khanga juu na kuzungumza habari za sketi. Badala yake nilisema, "Karibuni, karibuni mwone kazi ya Taratibu wenu."

"Hii ndiyo itabeba mtu?" muuza maziwa akauliza.

"Haibebi mtu. Inabeba jina la mtu."

"Ehee! Mama Taratibu leo kaamka na mdomo."

Mwalimu akavaa miwani. "Huyu binti alinitesa darasani. Mtihani wa saa mbili, wenzake wako swali la kumi, yeye anapigia mstari jina lake kwa rula."

"Basi shika hii, Mwalimu." Nikaichukua pistoni, nikamwekea kiganjani. "Unasikia ulaini wake? Jana ilikuwa nyeusi kama sufuria ya jirani."

"Sufuria ya jirani gani?" Mama Pacha akadakia, tukacheka wote.

Basi ikawa hii inakwenda huku, ile inarudi kule. Muuza maziwa akazungusha beringi kwa kidole kama mtoto. Mama Pacha, mikono bado ina mafuta aliyowapaka watoto, akaokota zile pete, akazigeuza, akasema kumbe nazo ni chuma, yeye alidhani ni karatasi ya peremende. Mimi nikiwa katikati, naeleza kipi kinaingia wapi, maneno niliyoyasikia jana nayatoa kama niliyozaliwa nayo. Walipoondoka nilirudisha kila kitu mahali pake. Kwa macho yangu palikuwa mahali pake.

Taratibu aliporudi hakuvua viatu. Alisimama mbele ya meza, akatembeza kidole juu ya vitu bila kuvigusa, kimoja kimoja, midomo inahesabu.

"Mama. Nani alishika?"

"Walitazama tu."

"Mkono wa pistoni umegeuzwa."

Nikainama kuutazama. Mimi niliuona uko sawa.

"Na pete ni moja."

Tulipiga magoti chini ya meza sote wawili. Nilikung'uta vipande vya vitambaa, nikafagia, nikachambua taka kwa vidole. Nikaleta sumaku yangu ya kuokotea pini. "Ni shaba, Mama," akasema kwa upole. "Sumaku haiijui." Ule upole ndio ulionichoma. Angenifokea ningepumua.

Nikatoka mbio na kandambili. Mwalimu alikung'uta sketi yake mbele yangu, hakuna. Muuza maziwa alinigeuzia mifuko ya koti nje, hakuna. Kwa Mama Pacha nikakuta mlango wazi.

"Jirani, ile pete nyembamba, haikukunata mkononi?"

"Pete gani? Mimi nilirudisha." Kisha akageuka kuwatazama watoto wake waliokaa mkekani. Mmoja alikuwa anatafuna. Mama Pacha akamrukia, akamtia kidole mdomoni, akatoa kitu kimekunjwa mara nne, kinachuruzika mate.

"Ee Mungu wangu. Huyu meno kaota juzi tu!"

"Mawili yametosha," nikasema.

Tulimkagua mtoto kwanza, mdomo, ulimi, fizi, hakuwa na jeraha. Hilo nalo ni onyo, sikia: kitu kidogo cha meza ya ufundi kinafika kwenye kinywa cha mtoto wa jirani kabla hujamaliza sentensi ya kujisifu.

Nyumbani Taratibu aliikunjua ile pete, akainyoosha kwa ukucha juu ya kioo. Ilikuwa na nyufa nne na alama za meno. Akaiweka pembeni.

"Haifai."

Hapo sasa nitasema nililolisema, ingawa linanitia aibu. Nilimwambia, "Funga na hiyo moja. Kitu chembamba kama ganda la kitunguu, nani atafungua kuhesabu? Kesho ni saa nne. Kuna vijana wawili wanaisubiri nafasi yako."

Hakunijibu upesi, yeye hajibu upesi kitu chochote. Aliifunga injini na ile pete moja, akakaza skrubu kwa kukingamana robo kwa robo, akazungusha kwa mkono. Akanipa nizungushe. Kwa kweli nilihisi inagoma mapema, kama droo iliyojaa.

"Umeona? Pamekuwa pafinyu. Mafuta yatawaka kabla ya wakati wake, na panga linaweza kurudi nyuma. Linarudi kwa aliyelisukuma." Akaninyooshea mkono wake wa kulia, vidole vitano. "Ni mkono gani huu unaoupigia kelele kila siku?"

Nikamrudishia injini yake.

Jioni alikata kopo la soda, akachora duara kwa kizibo cha chupa, akachukua mkasi wangu mdogo wa kukatia matundu ya vifungo. Ya kwanza ilijikunja. Ya pili ukingo ukawa na meno meno. Ya tatu ilikuwa duara kabisa, mimi nikapiga makofi, yeye akaiweka kwenye kioo, akainama kutazama kwa pembeni. "Ina mkunjo hapa. Na unene wake siujui, sina cha kupimia." Akaziweka zote tatu kwenye kiboksi cha kiberiti.

"Utasema nini kesho?"

"Nitasema ilivyo."

"Utasema mama yako..."

"Nitasema pete ni moja, Mama."

Jumamosi aliniambia nibaki. Sikubaki. Nilimfuata hatua ishirini nyuma mpaka akachoka kugeuka, tukaongozana.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu chenye madirisha makubwa upande mmoja. Ndege zimening'inizwa darini kwa waya, nyingine hazina ngozi, mbavu za mti zinaonekana. Katikati kuna benchi la chuma lenye kibao cha kufungia injini, na sakafuni umepigwa mstari mwekundu wa rangi. Fundi Kimya akanionyesha nyuma ya mstari. Nikasimama hapo.

Kijana wa kwanza alikuwa na kofia nyekundu na maneno mengi. Injini yake ikafungwa kwenye kibao, ikatiwa mafuta, plagi ikaunganishwa na betri. Akalisukuma panga kwa kijiti kilichovishwa mpira, mara moja tu, ikawaka. Ikalia kwa ukali, moshi, kelele, akainua mikono kama mfungaji wa bao. Haikukaa hata dakika, akaizima mwenyewe kwa mbwembwe.

Kijana wa pili alikuja na mfuko wa plastiki. "Fundi, nimerudishia yote, ila imebaki hii."

"Imebaki kutoka wapi?"

"Ndiyo sijui, Fundi."

Fundi Kimya akaipokea ile skrubu, akaitazama, akaiweka mfukoni mwake. Injini haikuwaka.

Zamu ya binti yangu. Akaiweka injini kwenye benchi lakini hakuifunga kwenye kibao. Akaweka daftari pembeni na kile kiboksi cha kiberiti.

"Fundi, shikamoo. Hii sitaiwasha. Chini ya kichwa zinatakiwa pete mbili, ipo moja. Nyingine ilipotea mezani kwangu. Nilijaribu kutengeneza, lakini sikuwa na cha kupimia unene."

Kofia nyekundu akacheka. "Pete zile karatasi? Mimi zangu zilikuwa zimechakaa nikazitupa zote mbili. Mbona imewaka, wote mmeona?"

Fundi Kimya alisogea kwenye injini ya yule kijana, akaizungusha kwa kijiti polepole, akasema, "Iwashe tena."

Kijana akasukuma. Akasukuma tena. Mara kumi na tano, jasho likamtoka chini ya kofia. Fundi Kimya akafungua plagi, akaielekeza dirishani, akatuonyesha mpaka mimi nyuma ya mstari. Ule waya mdogo wa ndani, unaotakiwa uwe umejiviringa kama spiringi, ulikuwa umekatika na kuyeyuka.

"Pafinyu," akasema.

Kisha akamgeukia binti yangu. "Ilipoteaje?"

Taratibu akatazama chini. "Niliacha meza wazi, Fundi. Ni kosa langu."

Nilivuka ule mstari mwekundu. Sikupanga, miguu ilikwenda. "Si kosa lake. Aliniambia nisiguse. Nilipitisha vitu vyake kwa watu watatu, mkono kwa mkono, nikijisifu. Mtoto wa jirani akaitafuna. Na jana nikamwambia afunge hivyo hivyo aje akudanganye, akakataa. Kama kuna wa kurudishwa nyumbani, ni mimi."

Fundi Kimya akanitazama.

"Mama, kazi yako nini?"

"Cherehani."

"Mteja akitaka kuvaa nguo ambayo bado umeibana kwa pini?"

"Namkatalia. Itamchoma."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaninyooshea kidole nyuma ya mstari. Nikarudi. Sijawahi kugombezwa kwa maneno machache namna ile yakaniingia.

Halafu akakifungua kiboksi cha kiberiti. Akavuta droo ndogo, akatoa maikromita, kile chuma cha umbo la herufi U cha kupimia unene, akampa binti yangu wala hakupima mwenyewe. Taratibu hakuwahi kukishika maishani. Alikigeuza, akakisoma alama zake, akakaza taratibu kwa ncha za vidole mpaka kikagusa. Akafungua kichwa, robo huku, robo kule, akaitoa pete nzima ya shaba, akaipima kwanza, akaandika. Akapima ile ya kopo, akaandika. Akapima tena sehemu tatu.

"Zinalingana, Fundi. Tofauti ni unywele. Ila hii ina mkunjo."

"Pete nyingine sina," Fundi Kimya akasema. "Kopo ninalo. Na bikari ya kukatia, yenye wembe."

"Naruhusiwa?"

"Saa nne imeshapita," kofia nyekundu akasema.

"Saa ni yangu," Fundi Kimya akajibu.

Nawaambieni ukweli, dakika arobaini zile nilizisimamia kama anayejifungua ni mimi. Alikunjua kopo, akalisugua juu ya kioo kwa kitambaa mpaka likalala kabisa. Akakata duara la ndani kwanza, kwa sababu ukikata la nje kwanza huna pa kushikia. Hakukata kwa mkato mmoja. Alizungusha bikari kwa kugusa tu, mara nyingi, mpaka duara likajitenga lenyewe. Kofia nyekundu alianza kwa kuguna, akaishia kwa kusogea karibu. Yule wa pili akamshikia taa bila kuombwa. Pete ilipotoka ilikuwa kamili, haina meno, haina mkunjo. Akaifuta. Akaipima sehemu sita. Akaweka pete mbili, akafunga kichwa, robo huku, robo kule. Hakuna aliyemwita mzito. Nilitazama nyuso zao zote nikitafuta wa kumcheka, nikamkosa.

Akazungusha kwa mkono, akatulia, akasikiliza. "Imerudi," akasema.

Wakaifunga kwenye kibao. Mafuta, betri. Akachukua kijiti chenye mpira, akasimama pembeni, si mbele ya panga, vidole vyote mbali. Nilivihesabu. Akasukuma, ikakohoa. Akasukuma tena, ikatoa moshi kidogo. Ya tatu ikashika.

Haikulia kwa ukali kama ya yule wa kwanza. Ilianza chini, ikapanda bila kutetereka, mlio kama zipu ndefu inayofungwa isiishe. Fundi Kimya akasogeza sikio, akamwonyesha sindano ya mafuta, ile skrubu nyembamba ya kuyaongeza na kuyapunguza, binti yangu akaigeuza kidogo sana, mlio ukanyooka. Mafuta ya nyonyo yakarushwa mpaka nyuma ya mstari, yakanitia madoadoa kwenye gauni langu la kutokea. Sikuyafuta. Injini ikakunywa tangi lote, dakika nane kwa saa ya ukutani, ikazima yenyewe kwa kukosa mafuta.

Fundi Kimya akaigusa, akainusa, akachukua lile daftari lenye michoro, akapekua ukurasa hadi ukurasa. Akafika kwenye PETE MBILI, akaupitishia mstari wake kidole.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi," akamwambia.

Taratibu akashika benchi kwa mikono miwili. "Ahsante, Fundi."

"Bado. Imezunguka, ina joto. Fungua tena nione ndani."

Mimi nikataka kusema kwamba mtoto hajala tangu asubuhi, kwamba kazi imekwisha, kwamba inatosha. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini yeye alikuwa ameshachukua kile kifunguo kilichopinda kama herufi L, ameshatandika kitambaa cheupe, ameshaanza robo ya kwanza. Uso wake haukuwa na uchovu. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kwake.

Bila kuniangalia akasema, "Mama, naomba usubiri nje. Na mlango nirudishie."

Nilitoka nikaurudishia mlango. Ndani nilisikia skrubu zinawekwa moja moja. Nje jua lilikuwa kali na hapakuwa na kiti, nikakaa juu ya kizingiti cha dirisha na madoadoa yangu ya mafuta. Mama mmoja anayepita na ndoo akasimama.

"Dada, hapa wanauza nini?"

Nilikuwa na maneno, ndugu zangu. Nilikuwa na maneno ya kujaza ndoo yake na nyingine mbili. Habari za kiwanda cha sabuni, za pasi, za kopo, za yule mwenye kofia. Nikayameza yote, maana kazi ilikuwa bado iko wazi mezani.

"Sijui kama wanauza," nikamjibu. "Mimi namsubiri fundi, bado anafanya kazi."